Kusoma ugenini: ujasiri wa kusema "sijaelewa"



Hapa Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini ya Lubumbashi, tumezoea kuaga vijana. Wengi hawaendi mbali: wanatafuta kazi mgodini, au wanashuka mjini kufanya biashara. Lakini mara kwa mara mmoja anaondoka na barua ya chuo kikuu cha nchi nyingine, kwenda kusoma masta au doktora. Jumapili yake ya mwisho tunamwita mbele. Wazee wanamwekea mikono, wamama wanaimba, na sadaka ya safari inakusanywa. Nimesimama mahali hapo pande zote mbili: kwanza kama yule aliyepiga magoti, na sasa kama mchungaji anayeomba.

Siku hiyo tunaomba juu ya barabara, viza na akili ya darasani. Ni maombi mazuri. Lakini katika miaka yangu ya kufuatilia vijana wetu, nimeona kwamba kinachowaangusha mara nyingi si barabara wala akili. Ni haya. Mwanafunzi mgeni anaona haya kusema darasani kwamba hajaelewa. Kisha anaona haya kuwaambia watu wa nyumbani kwamba amekwama, maana kanisa zima lilimtolea sadaka. Anabaki katikati, peke yake, akijibu kila simu kwa maneno mawili: "Niko vizuri."

Makala hii ni kwa anayejiandaa kuondoka, na pia kwa kanisa linalomtuma. Nitachukua mfano wa njia moja ambayo watu wa Katanga wanaijua, ile ya kwenda Mutare, Zimbabwe. Anayekwenda Nairobi, Kampala au Arusha ataona kwamba mambo mengi yanafanana.

Njia ya zamani

Karibu na Mutare, katika bonde la Old Mutare, kuna Africa University, chuo kikuu cha Kanisa la Muungano wa Methodisti. Mkutano Mkuu wa kanisa hilo ulikubali mpango wake mwaka 1988, na mwaka 1992 kilifungua milango kwa wanafunzi 40 tu, katika masomo ya theolojia na kilimo. Leo kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na Wakongo wamekuwa miongoni mwao kwa miaka mingi.

Wachache wanakumbuka kwamba njia hiyo kwanza ilitembewa kwa upande mwingine. Wamisionari John na Helen Springer walifanya kazi Old Mutare, ambayo wakati ule iliitwa Old Umtali. Mwaka 1907 walivuka Afrika ya kati hadi Angola, na baadaye wakarudi kuanzisha kazi ya Wamethodisti katika Katanga. Helen alikuwa amejifunza lugha ya watu wa Mashona kabla ya hapo, na mwaka 1905 kitabu chake cha kufundisha lugha hiyo kilichapwa. Yaani mwalimu alianza kwa kuwa mwanafunzi, akiwauliza wenyeji neno moja baada ya jingine. Kijana anayetoka kwetu leo kwenda Mutare afikiri juu ya mama huyo. Kuuliza hakukumpunguzia heshima.

Karatasi kabla ya nguo

Watu wanaanza na sanduku la nguo. Anza na bahasha ya karatasi. Weka ndani pasipoti, diploma ya Serikali, diploma za chuo kikuu, karatasi za alama za kila mwaka, barua ya kupokelewa, barua ya anayelipa ada, na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo usiifungie katika mzigo mkubwa, kwa sababu mpakani wanaiomba. Karatasi za Kifaransa zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa kabla hujaondoka. Huko utamtafuta kwa shida, na bei itakushangaza. Piga picha ya kila karatasi, uzitume kwa mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini.

Kuna jambo moja ambalo Wakongo tunalisahau. Sisi wenye umri wangu tulisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Vijana wa sasa wako katika mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2. Neno ni lile lile, "lisansi", lakini kwa mmoja ni safari ya miaka 5 na kwa mwingine ni ya miaka 3. Ofisi ya ng'ambo haiwezi kujua hilo peke yake. Omba chuo chako hapa kikuandikie ukurasa mmoja unaoeleza ulisoma miaka mingapi na alama zetu za juu ya 20 zina maana gani. Ukurasa huo unaweza kukuokoa usirudishwe nyuma mwaka mzima.

Barabara yenyewe ni ndefu: Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Lusaka, kisha unavuka Zambezi pale Chirundu, unafika Harare, na kutoka hapo bado kilomita zaidi ya 250 kwenda mashariki hadi Mutare. Saa haibadiliki, lakini ukivuka Kasumbalesa magari yanapita upande wa kushoto. Watazame mara mbili kabla ya kuvuka barabara. Si mzaha, mguu umezoea kutazama upande mmoja.

Majuma ya kwanza

Ukifika, mwili unataka kulala na roho inataka kurudi. Usikubali yote mawili kwa muda mrefu. Juma la kwanza lina kazi zake: kujiandikisha, kupata kadi ya mwanafunzi, kujua ofisi ya wanafunzi wa kigeni, zahanati na maktaba, na kununua laini ya simu. Tazama muhuri uliopigwa katika pasipoti yako: una tarehe. Andika tarehe hiyo ukutani. Kibali cha mwanafunzi kinaombwa mapema, si siku muhuri unapokwisha.

Kuhusu fedha, Zimbabwe ina fedha yake mpya, ZiG, iliyoanza mwaka 2024, lakini dola ya Marekani inatumika kila siku. Mtu wa Lubumbashi atajiona yuko nyumbani, isipokuwa kwa jambo moja. Kwetu dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa. Huko utaona noti za dola moja zilizochakaa sana zikipita mkono kwa mkono, kwa sababu noti ndogo ni chache. Basi usibebe noti za 100 peke yake. Chenji itakusumbua.

Chakula hakitakuogopesha. Sadza ni bukari yetu, wanayoila na mboga za majani au nyama. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba mtu wa Lubumbashi anaijua, na wa Bukavu pia. Ila anayetoka Uvira au Kalemie abebe koti.

Mhubiri anapogeuka mtoto

Sasa tufike kwenye maumivu yenyewe. Mtu mzima aliyezoea kuhubiri saa nzima anakaa darasani na hawezi kutunga sentensi tatu za Kiingereza. Wenzake wanacheka mzaha wa mwalimu, naye anacheka baada yao bila kujua wanacheka nini. Nimepitia hayo. Nilikuwa na mke, watoto na cheo katika kanisa, lakini mbele ya kaunta ya benki niligeuka mtoto anayeonyesha kwa kidole.

Africa University ina masomo maalumu ya Kiingereza kwa wanaotoka nchi za Kifaransa na Kireno, na vyuo vingine vina mpango kama huo. Usiyaone kama adhabu, wala usiwaombe wakuruke mbele ili umalize haraka. Mwezi utakaouokoa hapo utaulipa mara tatu wakati wa kuandika kazi ya mwisho.

Kuna hatari nyingine, nayo ni tamu. Utakuta Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Watanzania, na jioni Kiswahili kitakuwa kama maji ya baridi. Kunywa, lakini usizame. Mwanafunzi anayeishi mchana na usiku katika Kiswahili na Kifaransa anamaliza mwaka akiwa bado mgeni darasani. Jiwekee kanuni: mezani mchana kaa na watu ambao hamna lugha nyingine ya pamoja ila Kiingereza.

Na jifunze salamu za wenyeji. Kishona ni ndugu ya lugha zetu: nyama ni nyama, mtu ni "munhu", kumi ni "gumi". Ukimwambia mama muuza nyanya "mangwanani" asubuhi, na "ndatenda" kwa kumshukuru, atakufundisha maneno mengine kumi bila kukudai kitu. Mama huyo ataanza kukuuliza umelalaje. Katika majuma ya kwanza, kuulizwa hivyo ni dawa.

Kunakili si kuheshimu

Kwetu wengi tulisoma kwa kuandika maneno ya mwalimu na kuyarudisha kama yalivyo siku ya mtihani. Aliyerudisha vizuri alipata alama. Katika vyuo vya mfumo wa Kiingereza unapewa orodha ya vitabu, unatakiwa uvisome kabla ya kuingia darasani, kisha uandike mawazo yako na kuonyesha wazi kila wazo ulilochukua kwa mwingine.

Katika kazi yangu ya kwanza ng'ambo, niliweka kurasa mbili za profesa mmoja bila kutaja jina lake. Kwa moyo wangu niliona ninamheshimu: amesema vizuri kuliko mimi, nibadilishe nini? Mwalimu aliniita ofisini. Hakupaza sauti. Aliweka kitabu kando ya karatasi yangu, akanyamaza. Niliporudi chumbani sikuweza kula. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi niliogopa kwamba watu wa nyumbani wangesikia kwamba mchungaji wao ameiba.

Nilirudi kesho yake nikamwambia ukweli: "Mwalimu, mimi sijui namna ya kuandika hivi. Nilikosokea hakuna aliyenifundisha." Alinitazama kwa muda, akasema, "Kwa nini hukuja juma la kwanza?" Sikuwa na jibu. Jibu la kweli lilikuwa haya. Aliniruhusu kuandika upya kwa alama zilizopunguzwa, na akanipeleka kwa mama wa maktaba aliyenifundisha hatua kwa hatua.

Ndugu mwanafunzi, kila chuo kina mama wa maktaba, mwalimu wa kuandika, au mwenzako wa mwaka wa pili aliyepita katika shimo hilo hilo. Mtafute kabla ya kazi ya kwanza. Na jua kwamba mwalimu anayekuuliza "wewe unaonaje?" hakutegi. Hapo kunyamaza hakuhesabiwi kuwa adabu; anadhani hukusoma.

"Niko vizuri"

Miaka michache iliyopita tulimtuma kijana mmoja wa kwetu. Kila tulipopiga simu alijibu, "Niko vizuri, Baba Mchungaji, mniombee tu." Nasi tulitangaza kanisani: ndugu yetu yuko vizuri, Mungu ni mwema. Watu wakapiga makofi.

Baada ya miezi kadhaa, mwenzake aliyekuja likizo akatuambia ukweli. Fedha ya mfadhili ilikuwa imechelewa. Hapo hapo ndugu zake wa nyumbani walikuwa wanamwandikia kila juma: ada ya mdogo wako, dawa ya mama, pango la nyumba. Kwa macho yao, aliyevuka mpaka ana dola. Kijana aligawa kile kidogo alichokuwa nacho, akawa anakula mara moja kwa siku. Alikuwa ameshindwa somo moja na hakumwambia mtu.

Tulikaa kikao cha wazee. Wengine walianza kumlaumu: kwa nini hakusema? Ndipo mama mmoja mzee, asiyezoea kuzungumza katika vikao, akauliza: "Nani kati yetu alimwuliza kama amekula?" Kikao kizima kikanyamaza. Kwa kweli tulikuwa tumemwuliza swali moja tu, "Uko vizuri?", na kwa sauti yetu tulikuwa tayari tumemchagulia jibu.

Danieli aliomba

Tunapohubiri Danieli sura ya 1, tunasifu msimamo wake juu ya chakula cha mfalme, na ni sawa. Lakini msome tena kama mwanafunzi wa ng'ambo. Kijana amehamishwa mbali na kwao. Amewekwa katika masomo ya miaka 3, katika lugha na vitabu vya Wakaldayo. Amepewa hata jina jipya. Naye ana shida: chakula.

Hakunyamaza, na hakufanya vurugu. Alikwenda kwa mkuu aliyewasimamia akaeleza haja yake kwa heshima. Mkuu yule alimpenda, lakini aliogopa mfalme. Danieli hakuishia hapo. Alikwenda kwa mtu wa chini zaidi, yule aliyewahudumia kila siku, akapendekeza jambo dogo: tujaribu siku 10, kisha utazame mwenyewe. Hapo kuna hekima yote ya mwanafunzi mgeni. Sema haja yako mapema. Mlango wa kwanza ukifungwa, nenda wa pili. Usiombe mambo makubwa. Omba siku 10. Na tazama kwamba hakuwa peke yake. Walikuwa wanne, na shida walibeba pamoja.

Yeremia naye, katika sura ya 29, aliwaandikia wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, na wautafutie amani mji waliomo. Kwa mwanafunzi maana yake ni hii: usiishi miaka miwili juu ya sanduku lililofungwa. Tafuta kanisa la mahali tangu Jumapili ya kwanza, hata kama huelewi nyimbo. Usikae kama mgeni wa heshima kwa sababu kwenu wewe ni mchungaji. Panga viti. Fagia. Anayefagia na watu anaulizwa habari zake.

Kazi ya kanisa linalotuma

Katika parokia yetu tulibadilisha mambo machache baada ya kikao kile, nami nayatoa kwenu myapime.

Kabla ya safari, tunakaa na familia mbele ya wazee. Tunakubaliana kwamba katika mwaka wa kwanza mwanafunzi hatumi fedha nyumbani, na mwenye kuomba aje kwa wazee kwanza. Familia ikisikia hivyo kutoka kwa kanisa, kijana anaondolewa mzigo wa kukataa yeye mwenyewe.

Sadaka ya safari hatumpi yote mkononi. Sehemu inabaki kwa mhazini kwa ajili ya siku ya shida, na mwanafunzi anajua kiasi chake na namna ya kuiomba bila kujieleza mbele ya watu wengi.

Tunachagua mtu mmoja wa kumpigia kila mwezi, na si lazima awe mchungaji. Kwetu ni yule mama mzee. Ana maswali matatu: Juma hili umekula nini? Ni somo gani hukulielewa, na umemwuliza nani? Jumapili ulikaa na nani? Hayo hayajibiwi kwa "niko vizuri". Anayoyasikia hayatangazi kanisani bila ruhusa.

Na tuliacha kumwita mwanafunzi "tumaini letu" siku ya kumwaga. Tumaini letu ni Kristo. Yeye ni mtoto wetu, na mtoto anaweza kushindwa mtihani na bado akawa mtoto.

Kwa makanisa ya Kivu naongeza neno moja. Tangu Goma ilipoangukia vita mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, tunajua kwamba benki zilifungwa na familia nyingi zilikatika njia za kutuma fedha. Mwanafunzi wenu aliye Nairobi au Kampala anasoma huku simu iko mkononi, akitafuta jina la mtaa wake. Msimwache apate habari za nyumbani kwa video za watu asiowajua. Hata ujumbe mfupi, "tuko hai, tumelala salama", utamsaidia kufungua kitabu siku hiyo. Naye ana haki ya kumwambia mwalimu wake, "Kwetu kuna vita, naomba siku chache zaidi." Si aibu kusema hivyo, na wengi hawasemi.

Kijana wetu yule alirudia lile somo na kulishinda. Mwaka huu, kabla hatujamwekea mikono mwingine, tulimwomba kwa simu atoe shauri kwa anayeondoka. Kanisa zima lilikuwa likisikiliza kwenye kipaza sauti. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Ukifika, uliza. Na mama akikupigia, mwambie ukweli."

Bwana awalinde wanaoondoka, na awafundishe wanaobaki kuuliza vizuri. Amina.